Vuta N'kuvute, Rosa Mistika, Siku Njema au Tumbo Lisiloshiba: kipi aanze nacho?

Kurasa_za_Kale (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike hajashika riwaya tangu amalize shule. Sasa kaja mwenyewe kuniomba kitabu cha hadithi cha Kiswahili, kimoja tu, na namjua: nikimpa kisichomshika, hataniomba tena. Nimechuja nikabaki na vinne. Naweka hapa nilivyoviona mimi, nanyi mniambie kipi kitangulie.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Huku ndiko moyo wangu umelalia. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin ana miaka 15 na kaozwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Siasa zimo tele, Denge na wenzake wanahangaika na Waingereza usiku kucha, lakini hakuna mahali mwandishi anaposimama kukuhutubia. Niliisoma nikiwahofia watu wake kama majirani.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Niliimaliza upesi kuliko zote, na ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Siku kadhaa baadaye bado nilikuwa nabishana na Zakaria, baba yake Rosa, kichwani.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kijana anayesimulia mwenyewe, anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili kitamu mno. Kwangu methali zilizidi kidogo katikati, nikawa naruka mistari.

Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), imehaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Uzuri wake, hadithi moja inaisha kabla usingizi haujakuzidi. Ubaya wake, hazilingani. Kuna iliyonikalisha kitako na kuna niliyosahau jina lake kesho yake.

Ombi moja tu: msiniletee dhamira, ujumbe na tamathali za semi. Hayo tulishayafanyia mitihani. Semeni kitabu kilikufanya nini wewe.

bintisalama

Vuta N'kuvute, wala usijiulize. Ila mimi sikuipenda kwa ajili ya Yasmin wala Denge. Niliipenda kwa ajili ya Mwajuma. Yasmin anarudi amemkimbia mume, mjomba wake mwenyewe anamtimua, watu wa damu yake wanamkana kwa sababu ya aibu. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, asiye na undugu naye, asiye na kitu cha maana ndani, na hamuulizi maswali mengi. Kurasa zile nilizirudia. Hajifanyi mwema hata kidogo, anaendelea na starehe zake na nyimbo zake kama kawaida, na Yasmin anajifunza kuishi kwa kumtazama tu.

Denge, kusema kweli, ananikera. Nchi anaipenda sana. Yasmin yeye abaki kungoja mlango ugongwe.

Mzee_Jongoo

Bintisalama, mwanangu, unamwonea Denge. Kijana karudi kutoka masomoni Urusi, kazi hapewi, polisi wanamwinda, Inspekta Wright halali kwa ajili yake. Ulitaka ampeleke Yasmin matembezi ya jioni? Mtoe Denge humo uone kama hujabakiwa na hadithi ya mapenzi ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwa nakimbilia kurasa zake na kuzipitia haraka za tarabu.

Lakini kwa huyo mdogo wako nakubaliana nawe, Kurasa. Mpe hiyo.

tiara

Naomba niseme juu ya Rosa Mistika kabla haijapitwa.

Niliisoma nikiwa na umri ule ule wa Rosa, na nilimkasirikia mwandishi kuliko nilivyomkasirikia Zakaria. Baba mlevi, mkali kupita kiasi, anamcharaza binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume kama ugonjwa. Anafika chuo cha ualimu, kamba inakatika, na kila anachokigusa kinamgeukia. Mwisho anajiua. Sasa nauliza: kwa nini aliyekosa ni baba na anayelipa ni binti? Niliifunga nikasema huyu Kezilahabi anamwadhibu Rosa kwa kosa la kulelewa vibaya.

Kitabu kizuri? Ndiyo, kizuri sana, ndiyo maana nilikasirika. Ila usimpe mtu anayerudi kusoma baada ya miaka. Atadhani riwaya za Kiswahili zote zinaishia kaburini.

Ndugu Msomaji

tiara, mbona mimi niliisoma kinyume? Kulipa kwa Rosa ndiyo mashtaka yenyewe. Angemwacha Rosa apone, aolewe, wacheke, Zakaria angepona pia, na wasomaji wenye mabinti wangelala usingizi mnono. Kezilahabi hakutaka walale. Kumbuka kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Kitabu kinachomlaumu binti hakimtishi mtu kiasi hicho. Kilichowatisha wakubwa ni kuona ukali wao wenyewe umeandikwa.

Nina mabinti. Nilikisoma kwa mara ya kwanza kabla hawajazaliwa na nikakiona hadithi ya binti aliyepotea. Nilipokirudia walishakuwa wakubwa, na muda wote nilikuwa namwangalia Zakaria.

tiara

Sawa, mashtaka nimeyaona. Lakini ushahidi ni maiti ya msichana, na hiyo siizoei. Tazama na Kichwamaji (1974), Kazimoto naye anajiua. Kuna wakati nahisi Kezilahabi alikuwa hawaamini watu wake kwamba wanaweza kuishi na walichokijua.

Ndugu Msomaji

Hapo umenipata pabaya, maana Kichwamaji ndicho nikipendacho kuliko vyote vyake na siwezi kukitetea. Kinanitia giza na bado nakirudia. Tuliache hilo, tutamchosha mleta mada.

mwanagenzi_254

Hamjambo wenzangu. Naona Siku Njema imeachwa yatima hapa, nami ni wajibu wangu kuichukua.

Hizo methali unazozilalamikia, Kurasa, ndizo zilizonifanya nipende kusoma. Kongowea analelewa na mama, mwimbaji wa taarab, kisha mama anafariki na mtoto anabaki mikononi mwa watu wasiomtaka. Safari yake kwenda hadi Kitale niliisoma nikiwa na hofu kwamba baba hatakuwapo. Au atakuwapo na hatamtaka, ambalo ni baya zaidi. Sitasema kilichotokea. Nitasema tu kwamba nililia, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Jambo jingine. Kidagaa Kimemwozea cha mwandishi huyo huyo nilikichukia shuleni, na kosa halikuwa la kitabu. Tulikisoma kupitia miongozo: sifa sita za Mtemi Nasaba Bora, umuhimu wa mhusika Imani, maswali ya dondoo. Miaka baadaye nikakichukua bila kalamu mkononi. Nilipofika pale tunapong'amua kuwa mswada ambao Mwalimu Majisifu amejipatia sifa kwao ni wa Amani, kwamba mwalimu alimwibia kijana mchunga ng'ombe jasho lake, nilikiweka chini kwa hasira. Shuleni hilo lilikuwa jibu la alama mbili.

Kwa hiyo swali langu kwako: dada yako alisoma kipi kati ya hivi kwa mtihani? Hicho kiondoe.

Kurasa_za_Kale

Swali zuri sana, mwanagenzi. Shuleni alisoma Takadini na Watoto wa Maman'tilie, hakwenda kidato cha tano, kwa hiyo Vuta N'kuvute hajakutana nayo darasani. Hivi vinne vyote ni vipya kwake.

Kiko_cha_Msa

Nyote mnamtakia huyo dada machozi. Mpeni Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, ya mwaka 1960, kuna maiti kwenye mzimu, mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko, rafiki yake Najum haelewi kitu na wewe huelewi kitu, mpaka mwisho. Nani anarudi kusoma kwa Kezilahabi? Mtu anarudi kusoma kwa kutaka kujua nani kaua.

bintisalama

Hahaa, Kiko, wewe kila uzi Bwana Msa. Ila si uongo, ile hamu ya kufunua ukurasa wanaijua wachache. Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, pia angefaa hapo.

zawadi.k

Nataka kupinga wazo ambalo wengi tunalo, kwamba hadithi fupi ndizo rahisi kwa mtu asiye na muda. Kwangu ni kinyume chake. Riwaya inakuchosha mara moja tu, kurasa za mwanzo, unapojifunza nani ni nani. Baada ya hapo unarudi kama unarudi kwenu. Mkusanyiko wa hadithi unakudai uanze upya kila mara: watu wapya, mji mpya, mwandishi mpya mwenye mikogo yake. Mtu aliyepoteza mazoea ya kusoma anaishia hadithi ya pili, anakiweka kando, na hana kinachomvuta arudi kwa sababu hakuna aliyemwacha njiani.

Hata hivyo, ile hadithi yenyewe ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed sijapata kuisahau. Lile Jitu linaingia kwenye kibanda cha Mzee Mago, linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakaa na kula. Watu wanasimama kutazama. Mwanzoni nilicheka, maana limeelezwa kwa namna ya kuchekesha, namna linavyofuta sahani baada ya sahani na kuahidi kurudi kesho. Halafu mabuldoza yanakuja kubomoa, na kicheko kikanikwama. Kumbe ule mlo ulikuwa utangulizi. Hadithi nzima unaimaliza kwa kikao kimoja.

Mkifika kwenye "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad mtaona ni kama inaijibu ile ya kwanza: huku nako wanakula, ila sasa ni wakubwa wenyewe kwa wenyewe kwenye sherehe, wahusika Sasa na Mbura wanajaza sahani kwa mali ya umma. Sikuipenda sana kama hadithi, wahusika wanazungumza kama wanajua wanasikilizwa. Lakini nikizisoma zote mbili kwa mfululizo kila moja inapata nguvu.

Mzee_Jongoo

Zawadi, umesema kweli kuhusu kuanza upya. Mimi mikusanyiko naisoma kwa kuchanganya, siendi kwa mpangilio. Nikiona aya tatu hazijanigusa, nahamia nyingine. Riwaya haikupi ruhusa hiyo.

mkimya

Sijui kama nimechelewa. Kuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto, anakabidhiwa kwa mfanyabiashara ambaye yeye anamwita Ami Aziz, na inamchukua muda kujua kuwa ametolewa kufidia deni la baba yake. Kilichonishika ni Khalil, yule kijana wa dukani aliyetangulia kutolewa vivyo hivyo, anavyomwambia Yusuf ukweli kwa dhihaka kwa sababu hana namna nyingine ya kuusema.

Mwisho wake ulinitatiza. Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Nilifunga kitabu sijui kama nimwone jasiri au nimlilie. Nimewauliza watu na kila mmoja ana lake.

bintisalama

mkimya, mimi nilimwona mtoto aliyechoka kumilikiwa, akamkimbilia bwana mwingine. Sikulala vizuri.

Ila tukisema miisho, kuna jambo la Vuta N'kuvute ambalo nimelisubiri mtu aliguse. Yasmin haishii na Denge, anaolewa na Bukheti. Wengi niliowasikia wanaona ni hasara. Mimi nilifurahi! Bukheti hana makuu, anamtaka Yasmin kama alivyo na yupo nyumbani. Kwa msichana aliyeanza kwa kuozwa asiyemtaka, kupata mtu aliyemchagua mwenyewe na aliyepo si jambo dogo.

mwanagenzi_254

Na filamu yake? Aitazame kwanza au asome kwanza?

Ndugu Msomaji

Ile ya Amil Shivji ya 2021. Asome kwanza. Filamu ni nzuri kwa macho, Zanzibar ya usiku imepigwa vizuri ajabu, lakini kitabu kina watu wengi na porojo nyingi ambazo filamu haiwezi kuzibeba, na kwangu porojo ndizo utamu wenyewe. Ukiitazama kwanza utasoma ukisubiri matukio tu.

Kurasa_za_Kale

Nimewasikia. Hoja ya Zawadi ndiyo iliyoniamulia, maana nilikuwa nimeanza kuteleza kuelekea hadithi fupi kwa kudhani namrahisishia. Nampa Vuta N'kuvute. Akimaliza, Siku Njema, ili mwanagenzi alale salama. Rosa Mistika nitamwachia aiombe mwenyewe, na siku hiyo nitamleta kwa tiara na Ndugu Msomaji wamgombanie.

Kiko_cha_Msa

Na Bwana Msa?

Kurasa_za_Kale

Bwana Msa nitamsoma mimi wakati namsubiri amalize, maana Siri ya Sifuri sijaigusa bado.

tiara

Sawa, ila uzi huu usimwonyeshe. Tumeshamwaga nusu ya miisho humu.