Tiketi za bagi zijibadilishe zenyewe tukipushi kodi, inawezekana?

mgebuka_dev (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Tuko watatu hapa Mwanga tunatengeneza mfumo wa mahesabu wa wauza dagaa kule Kibirizi, kodi (maandishi ya programu) iko kwenye Git inayotunza kila badiliko, bagi yaani makosa ya programu tunaandika kama tiketi kwenye Redmine, programu ya kufuatilia kazi, tuliyoweka kwenye seva yetu wenyewe. Shida mtu anarekebisha bagi, anapushi (anaipeleka kodi kwenye seva), halafu anasahau kwenda kugusa tiketi, jana nimehangaika masaa mawili na bagi ya mizani kumbe mwenzangu alishaimaliza Jumatatu. Kuna namna komiti yenyewe (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git pamoja na maelezo yake) iende ikabadilishe tiketi? Na komiti zetu tunaandika Kiswahili, msiniambie nianze kizungu.

reli_ya_kati (Tabora)
Ipo mkuu, wala huhitaji plagini. Ingia na akaunti ya admini, kwenye mipangilio ya repo (hifadhi ya kodi) kuna sehemu ya kuweka maneno yenu, utaikuta na fixes na closes lakini we andika "imetengenezwa", unachagua na hali ambayo tiketi itahamia. Basi mtu akikomiti "imetengenezwa #27" inajihamia. Mngekuwa GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi kodi, ndo mngeumia, kule ni close, fix, resolve na ndugu zake tu, tena mpaka kodi ifike branchi kuu, yaani tawi kuu la kodi.

asali_mbichi
Ila msiweke ijifunge kabisa jamani!! Sisi tulifanya hivyo, mteja anapiga simu kosa bado analiona, tukifungua tiketi inasema imeisha, kumbe kodi ilikuwa haijafika kwenye seva yake. Siku hizi komiti inaipeleka "inasubiri kujaribiwa" tu, kufunga anafunga aliyelalamika.

mgebuka_dev
Asante dada, hiyo nimeichukua. Ila nimeweka maneno, nimepushi, kimya. Nimekuja kufungua ukurasa wa repo mle Redmine ndo tiketi ikahama, sijaelewa

reli_ya_kati
Ndo ilivyo, isipoambiwa inasoma komiti mpya pale mtu anapofungua ule ukurasa. Washa huduma ya kusimamia repo kwenye mipangilio hiyo hiyo, tengeneza ufunguo, halafu kwenye repo iliyoko seva weka skripti inaitwa post-receive ndani ya folda ya hooks, ipige curl (amri ya kuita anwani ya wavuti) kwenda /sys/fetch_changesets?key= na ufunguo wako. Usisahau chmod +x ili skripti iruhusiwe kuendeshwa, mi ilinikesha hiyo. Na kila mtu imeili ya kwenye Git ifanane na ya Redmine la sivyo mabadiliko yanaonekana kafanya mtu asiyejulikana.

mgebuka_dev
IMEKUBALI. Nimekomiti mchana neti haipo, jioni imerudi nikapushi, tiketi mbili zikahama zenyewe. Ya tatu imegoma, kuangalia mwenzangu kaandika "imetengenezwa 31" bila alama ya reli (#) 😂

reli_ya_kati
Reli hairukwi mzee 😂