Mvuaji wa ndoano wa Jumamosi awekewe masharti ya zana? Wa Moshi na Arusha tuseme

Mleta mada, Moshi

Wakuu, shikamooni wakubwa. Jumamosi iliyopita nilishuka bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, na ufito wangu, mshipi wa nailoni, ndoano mbili na kopo la minyoo. Nusu saa haijaisha, kaja jamaa na kitabu cha risiti: leseni iko wapi? Nikamwambia natafuta kitoweo, siuzi. Akanijibu, "Zana ni zana." Nilipotoa simu nikipige picha hicho kitabu, akakumbuka ana safari. Pesa sikutoa, ila neno lake limenikaa kooni kama mwiba.

Kweli zana ni zana? Kanuni za Uvuvi za 2009, zilizotungwa chini ya Sheria Na. 22 ya 2003, zimepiga marufuku kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni), nyavu za nailoni ya uzi mmoja, sumu na baruti. Hapo sina ubishi, na anayevua kwa sumu ningemfunga mwenyewe. Uvuvi wa michezo nao una leseni yake, lakini mimi nikiisoma namwona mtalii mwenye boti, simwoni mtu wa mtaa wa Majengo aliyepanda bodaboda na ufito begani.

Pendekezo langu: ndoano isiwe na leseni, ila iwe na ukomo. Tatu kwa kila mtu. Anayetega mshipi wenye ndoano mia ni mfanyabiashara hata akija na Prado.

Wa Lang'ata

Mangi, karibu tena bwawani, lakini unahesabu kitu ambacho hakina shida. Ndoano tatu, ndoano tano, haijawahi kulimaliza bwawa.

Njoo Jumapili jioni tutembee pamoja kwenye matete. Mimi naokota vyandarua. Vyandarua vya mbu, siyo nyavu! Wavuvi wa hapa wakikutwa navyo wanajua kitakachowapata, hivyo siyo vyao. Ni vya ninyi wa mjini, mnavitumia kukamata visamaki vya chambo cha kambale, mkimaliza mnavitupa. Sasa sikiliza. Perege jike anatamia mayai mdomoni. Vifaranga vikitoka vinakaa maji ya kina kifupi penye majani, na wakiona hatari vinakimbilia mdomoni kwa mama. Chandarua kinapita hapo hapo. Ndoo moja ya chambo, kambale mmoja au wawili, halafu mnapiga picha mnasema mmepumzika na maumbile.

Bwawa hili limeshafungwa tukakaa bila kuvua, tukaambiwa samaki wapumzike. Walioumia ni sisi, wa wikiendi walienda kula nyama choma.

Chalii wa Tengeru

Wa Lang'ata umetupiga sote kofi moja. Wengine tuna fimbo yenye rili, tunatumia ndoano tuliyoibinya kile kijino kwa koleo, samaki anatoka bila kuchanika na anarudi majini. Mimi leseni naitaka. Uingereza mtoto akifika miaka 13 havui mtoni bila leseni, na walishazuia machubwi madogo (vizito vya mshipi) ya madini ya risasi tangu 1987, baada ya mabata maji kuyameza na kufa kwa sumu ya madini. Huku kwetu maziwa ya Duluti na Momela kumejaa ndege wa majini, na chubwi letu bado ni risasi iliyoyeyushwa kutoka betri ya gari. Hilo nalo halina mtu wa kulisema?

Mama wa Mbuyuni

Anarudi majini? Mwanangu, umechoma mafuta kutoka Tengeru, umemvua samaki, umembusu, umemrudisha. Haya.

Mimi nauza samaki. Perege wa ndoano namjua kwa macho, anakuwa na mwili, kwa sababu ndoano kubwa haiingii mdomo mdogo. Wa kiganja wanatoka kwenye nyavu za macho madogo, na wateja wanalalamika kwangu kana kwamba nimewazaa mimi. Pangeni ukubwa wa ndoano, hiyo idadi achaneni nayo.

Mleta mada, Moshi

Mama, nimekuelewa, na Wa Lang'ata umenishinda. Naiondoa hoja yangu ya ndoano tatu. Chandarua na ndoo ndivyo vya kuandikiwa sheria kwanza.

Naongeza hili la ndoo, maana nimeshaona watu wakibeba samaki hai kutoka ziwa hili kwenda lile. Perege wa Ziwa Chala, *Oreochromis hunteri*, hapatikani ziwa jingine lolote duniani. Wa Ziwa Jipe, *Oreochromis jipe*, ni wa bonde hili letu la Pangani. Wote wawili wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Chala tayari imeshaingiziwa perege mgeni. Aliyemwaga ndoo yake ya kwanza pale huenda alikuwa mstaarabu kuliko sisi sote, anaimba kanisani na kodi analipa. Kwa hiyo: chambo kiwe minyoo au ugali, samaki hai asivuke kutoka maji haya kwenda yale, na machubwi ya risasi aliyoyasema Chalii yafuate kupigwa marufuku. Leseni ya ufito bado sikubali, nitabishana nayo mpaka kesho.

Wa Lang'ata

Hapo tumeongea. BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, wanakagua mitumbwi, wakague na ndoo kwenye buti za magari.

Ila ukija njoo na minyoo yako ya kutosha, ya migombani huko kwenu. Kiangazi hiki ardhi ya huku jembe linaruka.