Tuwasimulie wanafunzi kipi: kinyesi cha mchemraba, kifaru aliyening'inizwa au ng'ombe mwenye mistari?

Mshika Chaki

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Nimepewa dakika 20 za kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu ugunduzi wa kisayansi wa miaka ya karibuni, nami ningependa wacheke kwanza, kisha waondoke na jambo la kuwasumbua akilini. Baada ya kuchambua habari nyingi nimebakiwa na tatu, ambazo zote zimepata Tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kila mwaka tangu 1991 kwa utafiti unaochekesha kabla ya kufikirisha. Muda hautoshi kuzieleza zote ipasavyo, kwa hiyo lazima nichague moja.

Ya kwanza inamhusu wombati, mnyama wa Australia mwenye mfuko, ambaye kinyesi chake hutoka kikiwa na umbo la mchemraba. Patricia Yang na David Hu wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Australia, walichukua matumbo ya wombati waliokufa kwa kugongwa na magari, wakaingiza ndani yake puto refu na jembamba, wakalijaza hewa ili kupima jinsi ukuta wa utumbo unavyotanuka. Waligundua kwamba utumbo huo, kuelekea mwisho wake, hautanuki sawasawa pande zote, bali una sehemu ngumu na sehemu laini zinazopokezana. Kazi hiyo ilipata tuzo ya fizikia mwaka 2019.

Ya pili ni ya vifaru weusi 12 wa Namibia waliodungwa dawa ya usingizi, wakafungwa miguu na kuning'inizwa kwenye kreni kichwa chini kwa dakika 10, ili ijulikane kama mnyama hudhurika anapobebwa hivyo na helikopta. Tuzo ya mwaka 2021. Ya tatu ni ya ng'ombe weusi wa Japani waliopakwa mistari myeupe kama ya punda milia ili kuwakinga na nzi wanaouma. Utafiti ulichapishwa mwaka 2019 na tuzo ikaja mwaka 2025.

Binafsi naelekea kwa wombati, kwa sababu sijapata kumwona kijana asiyecheka habari ya kinyesi. Naomba mnisaidie kupima.

Darubini

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kwamba wombati atawachekesha kuliko wote, lakini naomba tutenganishe maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Swali la namna umbo lile linavyopatikana limejibiwa vizuri: makala ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba sehemu ngumu za utumbo hujikaza haraka na zile laini hujikaza polepole, na kwa kuwa kinyesi hukauka kadiri kinavyosonga, mikazo hiyo ikijirudia tena na tena huchonga pembe. Swali la faida ya umbo hilo ni jingine kabisa. Utasikia ikisemwa kwa uhakika kwamba mchemraba humsaidia wombati kuweka alama za mipaka yake juu ya mawe na magogo bila kinyesi kubingirika, ilhali hiyo bado ni nadharia tete tu, hata kama inavutia. Ukiwaeleza wanafunzi, uwaonyeshe mahali ushahidi unapoishia.

Kwa upande wangu, kura yangu naipa ng'ombe, tena bila kusita. Tomoki Kojima na wenzake walitumia ng'ombe sita tu, idadi ndogo, lakini kila ng'ombe alipitia hali zote tatu: kupakwa mistari myeupe, kupakwa mistari myeusi, na kuachwa bila kupakwa chochote. Kwa hiyo kila ng'ombe alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Nzi waliotua juu ya ng'ombe mwenye mistari myeupe walipungua kwa takribani nusu, na vitendo vya kufukuza nzi, kama vile kupiga mkia, kurusha kichwa na kukanyaga kwa kishindo, vilipungua kwa takribani asilimia 20. Zingatia kwamba nzi walipungua kwa nusu lakini mateso ya ng'ombe hayakupungua kwa kiasi hicho. Tofauti hiyo ya tarakimu ni somo zima kwa kijana anayejifunza kusoma matokeo.

Bi Maabara

Naomba niwasemee vifaru, maana naona mnawapita haraka. Madaktari wa mifugo na wanyamapori walikuwa wakiwahamisha wanyama hawa kwa helikopta kwa miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kupima kwa makini athari yake. Dawa zinazotumika kuwalaza hupunguza nguvu ya kupumua, na hofu ya wengi ilikuwa kwamba kumgeuza kichwa chini mnyama mwenye uzito wa karibu tani moja kungebana mapafu yake. Robin Radcliffe wa Chuo Kikuu cha Cornell na timu yake walilinganisha oksijeni katika damu ya kila kifaru akiwa amelala ubavu na akiwa ananing'inia. Matokeo yakaja kinyume cha matarajio: kuning'inia hakukuwa kubaya zaidi, bali kulikuwa na nafuu kidogo kuliko kulala ubavu.

Mwalimu, kichekesho kipo na uhai wa mnyama umo ndani yake. Mimi sioni kwa nini tuhangaike na vinyesi.

Msomaji wa Usiku

Ruhusuni niongeze chaguo ambalo halimo katika orodha. Mwaka 2022, watafiti wa maabara ya Lars Chittka katika Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London waliwaachia nyuki 45, wa aina ile minene yenye manyoya, mipira midogo ya mbao kando ya njia iendayo kwenye chakula. Njia yenyewe ilikuwa wazi, na hakuna zawadi yoyote iliyotolewa kwa kugusa mpira, lakini nyuki waliiacha njia na kwenda kuibingirisha. Wapo waliofanya hivyo mara moja, na yupo aliyefanya mara 117. Nyuki wachanga walibingirisha zaidi kuliko wakubwa. Namfikiria mdudu yule ameukumbatia mpira kwa miguu yake, anabiringika nao, anauacha, kisha anaurudia, na moyo wangu unalainika kabisa.

Darubini

Ndugu Msomaji, nyuki wako ni wazuri mno, na jaribio lao limepangwa kwa uangalifu. Ila neno "kucheza" litakula dakika zote 20, kwa sababu mwanafunzi wa kwanza atauliza tunajuaje kwamba mdudu anafurahia, na hilo linahitaji kipindi chake peke yake.

Mshika Chaki

Marahaba Darubini, na asanteni nyote. Bi Maabara, hoja yako kuhusu vifaru imenigusa, na ningekuwa na saa nzima ningewaweka mbele. Kinachonizuia ni kwamba, ili kufahamu kwa nini kulala ubavu ni tatizo, wanafunzi watahitaji kwanza maelezo marefu ya jinsi hewa na damu zinavyokutana ndani ya mapafu. Nyuki nitawahifadhi kwa siku nyingine kama alivyoshauri Darubini.

Nimebadili msimamo: nitachukua ng'ombe, na wombati nitamtumia katika dakika mbili za mwanzo ili kuvunja ukimya. Kilichonishinda ni ile mistari myeusi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipita tu, nikidhani ni maelezo ya ziada. Sasa nimeona kwamba bila ng'ombe yule mtu angeweza kusema nzi walikimbia harufu ya rangi, wala si mistari. Kwa hiyo nitabandika ubaoni picha za ng'ombe watatu, nitaficha matokeo, kisha nitawaachia wanafunzi dakika tano wajadiliane wao kwa wao: kwa nini mtu mwenye akili timamu apake rangi nyeusi juu ya ng'ombe mweusi?