Tupeane uzoefu: ulipotubu, ulirudije kwa uliyemkosea?

Mkaazi wa Mkunazini (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe. Kwa wale wa Minara Miwili, kanisa Katoliki hapa mjini Unguja, Tumsifu Yesu Kristu. Na majirani wetu Waislamu wanaopita hapa, asalamu alaykum, karibuni barazani.

Kwaresima hii nimekwama kwenye Luka 19. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru, hakuambiwa arudishe kitu. Yesu alijikaribisha nyumbani kwake huku watu wakinung'unika, basi. Huruma ilitangulia. Ndipo mwenyewe akasimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Mahubiri mengi niliyoyasikia yanakaa sana kwenye mkuyu, kupanda na kushuka, na ile hesabu ya mara nne inapitwa mbio.

Nataka tuzungumze hiyo hesabu. Kulia mbele ya Mungu wengi tunakuweza. Kwenda kubisha hodi kwa mtu uliyemdhulumu, katika kisiwa ambacho kesho asubuhi utakutana naye tena Darajani, ni jambo jengine. Na mara nyingi mtu huyo si wa kanisani kwako. Ushuhuda wako haumhusu, yeye anataka chake.

Mimi nasali Kanisa la Kristo, la Waanglikana, Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kwenye ardhi ileile, enzi za Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata. Kwa masimulizi tuliyorithi, altare iko pale iliposimama nguzo ya kuchapia watu, na duara la marumaru sakafuni linaonyesha mahali penyewe. Kila nikienda kupokea Ekaristi naliona. Waliochapwa pale hawakurudishiwa kitu, na hakuna tena wa kuwarudishia. Lakini yule niliyemkosea mimi, ambaye yu hai na mlango wake naujua, nitamwambia nini Mungu ikiwa sijaenda?

Simulieni. Msitaje majina ya watu.

Mchumaji, Wete

Mie asili yangu Bara. Nilikuja Pemba kijana kwa msimu wa karafuu nikabaki. Siku hizo tukilipwa kwa pishi. Shamba nililochumia lilikuwa la mzee mmoja, mtu wa sala tano, hakuwa na tabia ya kutupekua. Jioni tukikaa kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nilikuwa natia karafuu kidogo mfukoni, nampelekea mtu aliyekuwa akinunua mbichi bila kuuliza zimetoka wapi. Msimu mzima, na uliofuata.

Miaka ikapita, nikaoa, nikaanza mafundisho ya ubatizo. Katekista akatufundisha kwamba ubatizo unaondoa dhambi zote. Nilifurahi sana. Baada ya kipindi nikamfuata pembeni nikamuuliza, na karafuu je? Akafikiri, akanambia: "Dhambi itakwenda na maji. Karafuu za watu bado utakuwa nazo."

Sikulala vizuri wiki ile. Nikakusanya pesa, nikazitia kwenye bahasha, nikenda. Nilimkuta barazani anasubiri adhana ya alasiri. Nikamwamkia, nikamwambia mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi, nikamueleza yote. Hakunikatiza hata mara moja. Akafungua bahasha akahesabu mbele yangu, akauliza, hizi kwa bei gani? Nikasema kwa bei ya wakati ule. Akasema, "Kwani mimi nilizikosa wakati ule tu? Wanangu wanazikosa mpaka leo."

Alikuwa na haki. Sikuwa na pesa nyengine, tukapatana nimchumie msimu unaokuja bila ujira mpaka deni liishe. Nikachuma. Usiku mkewe akinipakulia muhogo na dagaa kama wachumaji wengine, hakunitenga. Siku moja mzee akanambia basi, imetosha. Mie kwa hesabu yangu bado, nikamwambia bado. Akasema mwenye karafuu ni yeye, na ajuaye kama imetosha ni yeye.

Nilibatizwa Pasaka iliyofuata. Yeye ameshatangulia mbele ya haki. Wanawe hadi leo wananialika Idi.

Jirani, Kikwajuni

Mie Muislamu, naomba ruhusa ya neno moja. Huyo katekista kasema sawasawa na tuliyofundishwa chuoni, yaani madrasa. Dhambi baina yako na Mola ni yake kuisamehe, lakini haki ya mja mpaka mja mwenyewe akuwie radhi. Ndiyo maana karibu na Ramadhani utaona simu zetu zimejaa watu wanaombana msamaha. Lakini wengi tunatumia ujumbe mmoja watu wote, na yule tuliyemkosea hasa hatumpigii. Nimeguswa, nitampigia mtu wangu.

Binti wa Ng'ambo

Ngoja niseme ya upande wa pili, maana naona waliokosea wana maneno mengi na sisi tuliokosewa tumekaa kimya.

Kaka yetu aliuza nyumba ya mama Ng'ambo bila kutushauri, sisi dada zake. Tulijua siku mnunuzi alipokuja na mafundi. Akahamia Dar es Salaam, akaokoka huko, sasa akija Unguja anapewa nafasi ya kushuhudia. "Mungu amenisamehe yote," anasema, na watu wanapiga makofi. Mimi hakuniuliza mtu. Kwenye huo ushuhuda nyumba haimo, na mimi simo.

Nasali Minara Miwili. Nilikwenda kuungama hasira yangu, nikitegemea padri ataniambia samehe, toka. Hakusema hivyo. Aliniuliza kama naweza kumwombea kaka kwa dakika moja bila kumtakia baya. Nikamwambia sijui. Akasema anzia hapo.

Basi saa tisa alasiri nasali Rozari ya Huruma ya Mungu, ile ya Mtakatifu Faustina, na jina la kaka nalitia kwenye chembe za mwisho, maana mwanzoni roho inagoma kabisa. Pesa sizitaki tena. Nyumba ishavunjwa, pana maduka. Nataka aje, aseme kwa mdomo wake mbele ya dada zetu: nyumba ilikuwa yenu pia, na mimi niliiuza.

Mkaazi wa Mkunazini

Dada yangu, pole sana. Hapa hakuna atakayekuharakisha. Na niseme kwa waliotubu, nami nikiwemo: tusiende kwa mtu kudai msamaha kana kwamba tunadai chenji yetu dukani. Zaburi ya 51, ile tunayoisali sana Kwaresima, Daudi anaomba, haamrishi. Anasema "unirehemu", na dhambi yake anasema i mbele yake daima. Kaka yako ameiondoa mbele yake na kukuachia wewe uitazame. Hiyo si toba kamili, hata kama machozi yalikuwa ya kweli.

Fundi, Malindi

Je, uliyemkosea akishakufa?

Mimi nilimsingizia mwenzangu kazini kuhusu mafuta ya boti. Alifukuzwa. Ukweli nilikuwa naujua. Nikawa nasema nitamrekebishia, nitazungumza na tajiri, nitangoja kidogo. Akaugua, akafariki. Mazikoni nilibeba jeneza pamoja na wengine, na watu wakanisifu kwamba mimi rafiki wa kweli.

Padri alinambia nende kwa mjane. Lakini mjane ni Muislamu, yumo edani, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, si mahali pa mwanamme wa kando kwenda kubisha hodi. Nikangoja. Kungoja huko ndiko kulikonifundisha, kwa sababu kila siku ningeweza kuacha na hakuna ambaye angejua. Eda ilipokwisha nikapitia kwa kaka yake, tukakaa ukumbini, mjane nyuma ya pazia la mlango, nikasema. Kukawa kimya. Halafu akauliza, "Na huko kazini umeshawaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilidhani kwake yeye ndiko mwisho wa safari. Kesho yake nikaenda kwa tajiri, nikasema mbele ya mabaharia na makuli wote. Na mimi nikaachishwa. Mjane akaniwia radhi baada ya hapo, si kabla. Mwanawe mkubwa sasa namfundisha ufundi wa injini.

Kijana, Fuoni

Nyie wote mna kosa moja kubwa lenye mwanzo na mwisho. Mimi nabeti. Naungama, naacha wiki mbili, narudi. Pesa nyengine zilikuwa za mke wangu za biashara ya maandazi. Naona haya hata kumtazama padri tena, nimeanza kwenda misa na kukaa nje chini ya mti.

Mkaazi wa Mkunazini

Mdogo wangu, ingia ndani. Papa Fransisko alipochaguliwa mwaka 2013, katika sala ya Malaika wa Bwana ya kwanza kuiongoza, alisema Mungu hachoki kusamehe, ni sisi tunaochoka kuomba. Petro alidhani mara saba ni nyingi, akaambiwa saba mara sabini. Yule mhalifu msalabani hakuwa na mkono huru wa kurudisha chochote, akaahidiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Lakini wewe mikono unayo. Mkabidhi mkeo simu na pesa zako akutunzie, umwambie kiasi ulichochukua, chote. Padri unamuona kwa dakika chache, mkeo analala na wasiwasi huo kila siku. Mtafute pia mwanamme mmoja wa kumpigia hamu inapokujia usiku. Fundi wa Malindi, utakubali?

Fundi, Malindi

Anipigie saa yoyote.

Bibi, Mbweni

Wanangu, hamjambo. Mjukuu ndiye anayenichapia.

Sisi ni wa Mbweni tangu misheni. Bibi yake bibi yangu alishushwa kwenye jahazi lililokamatwa baharini na manowari ya Waingereza, akaletwa mtoto mdogo kwenye shamba la wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana. Alisomeshwa kwenye skuli ya wasichana, ile ambayo magofu yake yapo mpaka leo karibu na bahari, na akasali Mtakatifu Yohana, tunaposali sisi. Kwao hakukujua. Alibaki na maneno machache ya lugha ya huko Nyasa, na moja lilikuwa la kumwita mama.

Mwanzisha mada kauliza tunarudije. Mimi nauliza, kwake yeye nani alirudi? Hakuna. Aliyemuuza hakuja, aliyemnunua hakuja. Aliyemkomboa ni Mungu, na watu waliotumwa, na hao nao wakamchagulia jina jipya bila kumuuliza.

Nilipokuwa msichana, padri wetu alitufundisha mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, tuwataje waliouzwa na waliouza. Waliouza sikuwataja. Miaka mingi kanisa zima likisali sehemu hiyo, mimi nafunga mdomo. Hakunigombeza mtu. Sasa nawataja, lakini nawataja wa pili, wangu kwanza. Sijui kama ndivyo itakiwavyo. Ndivyo ninavyoweza, na naamini Bwana ananivumilia, maana imeandikwa rehema zake ni mpya kila siku asubuhi.

Wewe binti wa Ng'ambo, kwenye chembe za mwisho panatosha. Endelea.

Binti wa Ng'ambo

Shikamoo bibi. Nimesoma nikalia.

Nimemwandikia kaka. Jumapili baada ya misa ya pili dada zetu wote watakuwa kwangu, na yeye aje. Sikumwandikia kwamba nimemsamehe, kwa sababu bado. Nimemwandikia aje, na kwamba tutapika.