Rezime inauzwa, kitabu hakifunguliwi: bazazi (wazazi) wa Lubumbashi tunanyamaza mpaka lini?

Bandugu, nimevumilia, leo nasema.

Kijana wangu yuko mwaka wa pili humanité, yaani sekondari ya juu. Trimesta hii darasa lao "linasoma" L'Enfant noir cha Camara Laye, mwandishi wa Guinea anayesimulia utoto wake. Hakuna aliyesoma. Mwalimu ameuza rezime, muhtasari wa kitabu, ya fotokopi, kurasa nne, faranga 2000 kila mtoto, wino umefifia hadi ukurasa wa tatu unausoma kwa kubahatisha. Huna makuta? Basi interro, jaribio la darasani, ikukute mikono mitupu.

Na interro yenyewe! Mwandishi alizaliwa mwaka gani: 1928. Kitabu kilitoka lini: 1953. Kina sura ngapi: 12. Kijana kaleta 8 juu ya 10. Nikamuuliza, yule mtoto anapotaka kwenda Ufaransa, mbona mama yake anawaka vile? Akanikodolea macho. "Kumbe kuna mama ndani?" Kitabu ambacho mwandishi amemtolea mama yake kabla hata hadithi haijaanza!

Msiniambie watoto ni wengi na kitabu ni kimoja. Najua. Kimoja kinamtosha mwalimu mwenye sauti. Chukua usiku wa Konden Diara: wavulana ambao hawajatahiriwa wanapelekwa porini, wanapigishwa magoti, nyuso chini, simba wananguruma pande zote. Soma mpaka hapo, funga kitabu. Uliza: hao ni simba kweli? Waache wagombane, kila mmoja aandike anavyodhani kwenye daftari. Kesho yake nani atakosa darasa? Au pale baba anapoyeyusha dhahabu na mwimba sifa yuko pembeni anamsifu. Sisi si mji wa shaba? Mtoto wa mtaa wetu wa Katuba atumwe akaulize wazee jinsi shaba ilivyoyeyushwa zamani na ile misalaba ya shaba ilivyotengenezwa, arudi alinganishe. Hapo haihitajiki hata faranga moja. Labda ndiyo sababu hawafanyi.

Nilienda kwa prefe, mkuu wa shule. Akanijibu kwamba programu ni ndefu, na watoto lazima watayarishwe kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Sawa, prefe, lakini katika Exetat kuna disertasio, yaani insha. Mtoto uliyemlisha harufu ya bukari (ugali) miaka yote, siku hiyo atatoa wapi maneno yake mwenyewe?

Walimu wanalipwa vibaya, hilo silikatai, na wengine hapa mtanirukia. Lakini kunikamua mimi ninayeuza mboga mtaa wa Kenya hapa mjini ili mwanangu asisome, huo ni mshahara wa nani?

Jumamosi kuna mkutano wa bazazi. Mwenye mtoto darasa hilo aje na fotokopi yake tuziweke mezani. Na mwenye kitabu chenyewe, hata kilichochakaa, aniandikie: nitawasomea watoto wa mtaa wetu jioni, umeme ukiwepo.