Makerere, Kyambogo au Zanzibar? Binti anataka kusoma muziki baada ya S6

MamaKira
Habari zenu ndugu. Binti yangu amemaliza S6 (kidato cha sita hapa Uganda) na hataki kusikia kitu kingine ila muziki. Wengine wanasema Makerere, wengine Kyambogo, shemeji anashikilia Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar. Nimpeleke wapi?

Omunazi
Mama, hatuwezi kukusaidia hivyo. Anapiga ala gani? Anasoma nota? Prinsipo ngapi (masomo makuu aliyofaulu S6), za masomo gani? Anataka ualimu, jukwaa au studio?

MamaKira
Anaimba kwaya na kupiga kinanda kanisani. Prinsipo mbili.

Mwalimu_Mbale
Kinanda cha sikio au cha nota? Kama ni cha sikio, aanze sasa na mwalimu wa ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza. Kampala Music School wanafundisha hiyo. Alenge nadharia gredi ya 5 (alama 75, kufaulu ni 50), kwa sababu bila hiyo au mbadala wake hafanyi mtihani wa ala kuanzia gredi ya 6. Mtihani wa ala una alama 150: vipande vitatu vya 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma nota papo hapo 21, usikivu 18. Kufaulu ni 100. Watoto wa kanisani huangukia kwenye kusoma papo hapo: sikio linabahatisha noti inayofuata kabla jicho halijaiona. Kila siku apewe mistari minne mipya, aipige polepole bila kusimama, hata akikosea.

Lubiri88
Akitaka ualimu, Kyambogo. Sehemu ya mizizi yake ni vyuo vya walimu. Akitaka sanaa yenyewe, Makerere, ile idara tunayoiita MDD (Music, Dance and Drama) mpaka leo. Hapo kuna hifadhi ya mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann, yenye muziki aliourekodi Uganda nzima miaka ya 1940 na 1950. Zanzibar ni udi, qanun na taarab. Mpiga kinanda wa kanisani akatafute nini huko?

Pwani_Jinja
Akatafute sikio jipya, kaka! Ila cheti cha nje lazima kipelekwe NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kulinganishwa akitaka kuendelea na chuo hapa. Na vya ndani pia mkague. Kuna kijana wa hapa Jinja, wazazi wake walilipa chuo binafsi kilichotangaza diploma. Vinanda vilikuwa viwili kwa darasa zima, mwalimu wa nadharia akaondoka katikati ya muhula, hakuletwa mwingine. Alipopeleka karatasi yake chuo kikuu, ikaonekana kozi haikuwa imeidhinishwa. Ada haikurudi. Kwa hiyo ulizeni kozi, si chuo tu: chuo kinaweza kuwa na leseni na kozi isiwe nayo.

Omunazi
Kweli tupu. Na popote aendako, ajifunze amadinda, ile marimba ya Waganda. Vibao 12, watu watatu. Wa kwanza, omunazi (ndilo jina langu hapa), anaanza, wa pili, omwawuzi, anaweka noti zake katikati ya za mwenzake, wa tatu, omukoonezi, kwenye vibao viwili vya juu anarudia sauti za vile viwili vya chini kabisa. Mpiga kinanda akishika zamu ya omwawuzi, hujiona yuko nje ya mdundo, akavutwa polepole mpaka anagonga pamoja na omunazi, wimbo ukafa. Achukulie pigo lake ndilo mdundo.

Mwalimu_Mbale
Sawa, lakini adungu, kile kinubi cha nyuzi, ingemfaa zaidi. Siku hizi nyuzi zake zinakazwa kwa sauti za do re mi, inaenda na kinanda.

Omunazi
Hapo ndipo tunapoharibu! Amadinda ina sauti tano zinazokaribia kulingana nafasi, haziangukii kwenye vibonye vya piano. Tukikaza kila kitu kwa do re mi, hayo masikio yatapotea.

Lubiri88
Bendi ya harusi haikuajiri kwa amadinda, ssebo.

MamaKira
Nimemuuliza. Anasoma solfa, nota za mistari hapana. Prinsipo ni Historia na Divinity. Adungu anapiga, wajomba zake ni Waalur wa Nebbi.

Omunazi
Mama, hilo ulilificha! Ya nyuzi ngapi?