Nondo kaleta siyo, zege nimesitisha, halafu mbele ya mteja ananiuliza "kwani wewe ni bosi wangu?"

Wakuu nimetoka saiti sasa hivi, mikono bado inatetemeka, naandika nikiwa nimepaki pembeni ya Barabara ya Morogoro maana nikiendesha na hasira hizi nitajikuta Chalinze wakati nyumbani ni Mbezi.

Yule mtu wa manunuzi. Mnamjua. Yule mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati na hakuna hata moja inayosaini.

Mimi ni meneja mradi, tunajenga bweni la ghorofa mbili huku Kibaha. Yeye ni mkuu wa manunuzi. Ngazi moja, wote tunaripoti kwa mkurugenzi. Yaani mimi siwezi kumwamuru, yeye hana haja ya kunisikiliza, ila zege lisipomwagwa jina linaloandikwa kwenye barua ya mteja ni langu peke yangu.

Wiki tatu zilizopita nimempelekea ombi la nondo za milimita 16 za mabimu. Nimeambatanisha mchoro, nimeambatanisha BOQ (orodha ya vifaa na kazi zote), namba 16 nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nimepiga simu mpaka mtandao umenizoea. WhatsApp tiki za bluu, kimya. Nimemfuata mezani nimemkuta anaangalia mpira. Kila siku LPO, ile hati ya kuagizia mzigo, iko kwa mhasibu, ukienda kwa mhasibu hajawahi kuiona hiyo LPO tangu azaliwe.

Leo saa tatu asubuhi lori limeingia. Nondo za milimita 12. Zote! Aliyewahi kubeba nondo anajua, ya 16 yenye urefu wa mita 12 inakaribia kilo 19, hii ya milimita 12 haifiki hata kilo 11. Fundi wa nondo kaiinua kwa mkono mmoja akanitazama kama mtu anayenipa pole ya msiba. Na msiniambie "ongeza idadi tu", ukibadilisha kipenyo lazima mhandisi mshauri apige hesabu upya na nafasi kati ya nondo zitoshe kokoto kupita, ukibananisha zege halipiti vizuri unabaki na matundu ndani ya bimu. Watoto wa watu watalala humo.

Saa saba zege lilikuwa lije na magari. Pampu imekodiwa, inalipwa ifanye kazi isifanye. Vibarua 40 wako chini ya mwembe. Zege likishachanganywa una kama saa moja na nusu, halimsubiri mtu, ikabidi nipige simu kusitisha kila kitu.

Sasa kikaoni. Mteja yupo, mshauri yupo. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, hizi ndizo nondo tulizokubaliana?" Akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akamega chapati yangu, niliyoinunua kwa hela yangu kwa mamantilie, akasema "Kwani wewe ni bosi wangu?" Akatafuna.

Akatafuna wakuu!

Mshauri akainamia daftari. Mteja akainamia simu. Na mimi nimekaa pale naangalia chapati inavyoingia. Sitaki kuwa bosi wake hata nikiongezewa mshahara mara kumi, mimi nataka nondo. Huyu mtu msiba wa mama mkwe wake nimeenda mpaka Korogwe nimebeba jeneza, harusi ya mdogo wake nimechanga, nikijua kazi za ngazi moja zinakwenda kwa kubebana maana hakuna cheo cha kumshikia mtu. Leo ananiuliza hivyo huku mdomo umejaa chapati yangu. "Kwani wewe ni bosi wangu." Mbele ya mteja!

Nifanyeje, maana kesho nitamkuta palepale.

Fundi Zege: Mkuu pole. Ila bora wewe umepewa 12, mimi 2019 niliagiza saruji ikaletwa chokaa. Na nilisainishwa kupokea.

Mjukuu wa Tatu: Nimesoma mpaka mwisho. Kinachokuuma ni chapati, nondo umezileta kama ushahidi tu.

Kalamu Tano: Mimi ni mtu wa manunuzi miaka tisa na leo nitasema. Nyie mameneja mradi mnaagiza kama mko dukani kwa Mangi, kila kitu haraka, kila kitu jana. Msambazaji anadai deni la mradi uliopita hataki kutoa hata kilo moja, hilo hamuulizi. Mleta uzi, wakati ombi limekaa wiki tatu ulishamwambia mkurugenzi, au ulikuwa unachora maduara?

Mleta uzi: @Kalamu Tano nilimwambia akasema "malizaneni wenyewe". Na deni linahusiana nini na kumega chapati ya mtu?

Karani wa Wilaya: Njoo huku serikalini uone. Zamani faili lilikuwa linapotea, tangu mfumo wa manunuzi wa mtandaoni wa NeST uchukue nafasi ya ule wa TANePS 2023 faili halipotei tena, sasa jamaa amesahau neno la siri. Kila Ijumaa. Jumatatu analikumbuka.

Mama Saiti: Mdogo wangu, siku nyingine usimuulize swali kikaoni, mvute pembeni kabla mteja hajakaa. Na kila kikao kiishe na karatasi, nani analeta nini tarehe ngapi, wote mnasaini. Mimi ndivyo nilivyomtuliza wangu. Ila yule wa stoo bado ananitoa machozi, funguo analala nazo shingoni kama hirizi.

Otis254: Boss pole sana. Huku Nairobi wetu anataka bei za wauzaji watatu hata ukiitisha boksi moja ya chaki. Na accountant ndio mbaya zaidi, per diem ya Machi nimelipwa Agosti.

Karani wa Wilaya: Agosti unalalamika? Mimi nadai ya safari ya 2022, mhasibu mwenyewe ameshahama kituo.

Fundi Zege: Wahasibu wafunguliwe uzi wao, humu hawatatosha.

Mjukuu wa Tatu: Samahani mleta uzi, hiyo chapati shilingi ngapi hapo Kibaha?

Mleta uzi: 500. Wakuu turudi kwenye mada, kesho saa mbili lori linarudi na huyu mtu hajapokea simu, mnanishauri nimwandikie au nimfuate?

Otis254: 500 ya Tanzania? Hiyo ni kama bob 25 za Kenya, ni kubwa kiasi gani?

Kalamu Tano: Kwa 500 lazima ni ndogo. Ndiyo maana kaimaliza kwa mara moja.

Mama Saiti: Inategemea, ni za maji au za kusukuma?